Chumba cha Mukwe Hakifunguliwi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimeahidi kitu mbele ya ukoo mzima. Nashukuru Mungu kwa mdomo alionipa, ingawa unatembea haraka kuliko kichwa.

Kikao cha familia, uani kwa Mama Mukwe, hapa Kataki. Jumamosi tunaondoa matanga ya Mukwe Mzee, baba ya mke wangu Evodie. Mwaka umetimia tangu atuache. Wageni wanatoka Moba kwa boti, wengine wanatoka Niemba kwa pikipiki. Na siku kama hiyo macho yote yanawageukia wakwe. Wenye msiba wanalia, wakwe wanapimwa.

Tuko wakwe wawili. Mimi, Casimir, nilioa binti mkubwa. Dieumerci alioa mdogo wake, Fortunée. Dieumerci akasimama, akakohoa, akasema ataleta mbuzi. Makofi. Hakukaa. Akasema ataleta pia mabafle, yale maspika makubwa kama kabati, pamoja na jenereta yake. Makofi tena, na bibi mmoja akapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimepanga kusema viti.

Nikasimama nikasema nitaleta sauti ya Marehemu mwenyewe.

Mama Mukwe akajifunika uso kwa kitenge. Dieumerci akakaa chini taratibu. Nilijisikia vizuri sana.

Si uongo. Miezi yake ya mwisho Mzee alikuwa akijifungia na ordinateri yake, kompyuta ndogo ya kukunja, anaongea peke yake. Akiulizwa, alijibu kwamba anawaachia watoto maneno, watayasikia siku ya kuondoa matanga, si kabla. Hakuna aliyeyasikia mpaka leo. Na ordinateri iko kwangu, maana fundi wa familia ni mimi. Radio, pasi, friji, vyote vinapitia mikononi mwangu. Vingi bado viko kwangu.

Nimefika nyumbani, nimeiwasha. Ndani yake kuna Windows, ya Mzee, na Linux, niliyomwekea mimi kama zawadi bila kumuuliza. Zinakaa mashini moja kama wake wawili kiwanja kimoja. Ukiwasha, orodha inakuuliza unaingia kwa nani. Nikachagua Windows. Ikaomba ruhusa ijisasishe. Nikakubali, kukataa niliona si adabu. Ilipofika katikati, umeme ukakatika, na betri haikuwa na kitu.

Umeme umerudi. Windows haikurudi. Duara linazunguka, linazunguka, halafu kioo kinakuwa bluu na kauso kenye huzuni.

Sijamwambia mtu. Linux ni mzima, nashukuru.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango umezaliwa wakati napiga mswaki. Nashukuru kwa mswaki.

Nimeingia kwa Linux. Pembeni ya kioo kuna visanduku, kila kimoja ni mlango wa chumba kimoja cha diski. Cha kwanza kimeandikwa jina la Mzee, jina zima, kwa herufi kubwa. Aliliandika mwenyewe siku aliyonunua mashini. Nikageuza uso haraka.

Chumba cha kulala cha mukwe hakiingiliwi. Jina lake halitamkwi na mwanaume aliyeoa binti yake, hata humu siliandiki. Kwa mama mukwe ndiyo zaidi: hatutazamani machoni, hatuli meza moja, yeye akiingia mlango wa mbele mimi natoka wa nyuma. Wengi mjini wameacha hayo. Mimi nililelewa. Dieumerci, nasikia, aliwahi kumpokea Mama Mukwe kikapu mkono kwa mkono, tena akicheka.

Nimekisogeza kile kisanduku chini kabisa ya vingine, nisije nikakigusa kwa bahati mbaya.

Ndipo nikaona kingine. Chumba kidogo, mwisho wa diski, kimeandikwa RECOVERY. Nimesoma habari zake kwenye telefone mpaka mega za intaneti zikaisha. Ni chumba cha akiba. Kiwanda kinaweka humo Windows nzima, mpya, imekunjwa kama shuka la wageni. Windows ya kwanza ikifa, unafungua chumba cha akiba na mashini inakuwa kama siku ilipotoka dukani. Kwa hiyo dawa ilikuwa ndani ya nyumba muda wote. Nilifurahi mpaka nikampigia Evodie mluzi.

Unachotakiwa ni kubonyeza F11 wakati mashini inawaka. Nikabonyeza. Linux ikafunguka, ikanikaribisha. Nikazima, nikabonyeza kwa nguvu. Linux. Nikabonyeza mapema, nikabonyeza kwa kuchelewa, nikabonyeza nikiwa nimefumba macho. Linux, Linux, Linux. Ikabidi nisome tena, kwa mega za Evodie. Kumbe ukishaweka Linux, yeye ndiye anashika mlango wa mbele, na F11 inaweza kubisha mpaka kesho bila kufunguliwa.

Aliyeweka Linux ni mimi. Lakini niliiweka kwa moyo mzuri.

Jioni Dieumerci alipita. Akauliza sauti ya Mzee inaendeleaje. Nikamwambia naisafisha. Akauliza sauti inasafishwa na nini. Nikamwambia hayo ni mambo ya ndani. Alikuwa ametuletea samaki, mikebuka iliyokaangwa vizuri, akaiacha mezani, akaenda zake. Mtu huyu ananichosha. Mikebuka nimeila yote.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimejaribu kuingia chumba cha akiba kwa kupitia Linux. Nikabofya kile kisanduku. Kikafunguka bila ubishi. Ndani: faili moja kubwa sana na mengine madogo yenye majina ya ajabu. Sauti hamna. Nilidhani labda ilikimbilia huko wakati wa ajali. Nikatafuta kila pembe. Hamna.

Basi nikabadilisha mpango. Kama F11 haifungui, nitaongeza mlango wa tatu kwenye ile orodha ya kuwashia: Linux, Windows, na Akiba. Kuna mtu mwema kwenye mtandao ameandika amri za kufuata, bure kabisa, na chini ameonya kwamba kila mtu ajaribu kwa hatari yake. Simjui, hanijui. Nimemwombea afya.

Nikanakili amri zake. Nikawasha upya. Orodha haikutokea. Kioo cheusi, kistari kimoja cheupe kinapepesa. Linux hakuna, Windows hakuna. Wake wawili wote wameondoka na kiwanja kimebaki na kistari.

Nilipiga magoti. Evodie akaingia, akaniuliza nafanya nini chini. Nikamwambia natafuta skurubu.

Hakutoka. Akakaa kitandani, akaanza kuongea huku anakunja nguo. Alisema siku Baba yake alipokufa yeye alikuwa kwenye boti, anatoka Moba, ziwa limechafuka, boti imejificha nyuma ya kilima cha mawe inangoja upepo. Hilo nalijua, mimi ndiye niliyempokea bandarini. Lakini alisema kitu ambacho hajawahi kuniambia. Alisema hata kama maneno ya Baba hayaeleweki vizuri, hata kama ni kikohozi tu, kinamtosha. Anataka kusikia mara moja tu kikohozi cha Baba yake, halafu atapumua.

Nilitaka kumwambia ukweli. Nikamwambia atasikia, na kikohozi kimo.

Akatoka. Nikarudia amri zile herufi kwa herufi, polepole, jasho likinitoka. Nilikuwa nimeruka mstari mmoja mzima. Orodha imerudi, na mlango wa tatu upo: Akiba. Nimeubusu ule mstari kwenye kioo. Kioo kilikuwa na mafuta ya mikebuka.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeingia! Nimechagua Akiba, kioo kikawa bluu safi, maandishi ya Kifaransa, kila kitu kimepangwa kama biro, yaani ofisi, ya gavana. Nashukuru kwa Wafaransa.

Kuna sehemu ya kurudisha mashini jinsi ilivyotoka kiwandani. Nikaichagua. Ikatoa onyo kwamba “vos données” zote zitafutwa. Data zako zote. Hapo nikasimama kufikiri, mimi si mtu wa kukurupuka. Data zako. Nani anaambiwa? Mimi ninayebonyeza. Mimi nina nini humo? Picha za friji ninazotengeneza. Sauti si yangu, sauti ni ya Mzee. Kwa hiyo onyo halimhusu. Nilishukuru kwamba mashini inajua kutofautisha kati ya mukwe na mzee wake.

Nikabonyeza Ndiyo.

Mashini ikakataa. Ikasema kazi hii haifanywi kwa betri, niichomeke kwanza kwenye umeme. Na leo avenyu yetu nzima haina umeme tangu asubuhi. Nilitoka na mashini kwapani. Kijana wa kuchaji telefone kwa sola akaiona chaja yangu, akasema ile itamaliza jua lake lote. Saluni ya karibu na soko wana umeme wa upande wa pili, lakini yule mama aliniambia nichague kati ya ordinateri na mashini ya kukaushia nywele, na wateja wake walikuwa wamekwisha kunitazama vibaya. Nikasikitika sana. Nilikuwa nimeshafika mlangoni kwa mafanikio.

Umebaki mlango mmoja tu mjini. Jenereta ya Dieumerci.

Nilitembea polepole mpaka kwake ili mpango ukomae njiani. Nikamwambia, kwa ukubwa, kwamba mabafle yasije yakatuaibisha mbele ya watu wa Moba, ni lazima yajaribiwe kesho pamoja na ordinateri, chini ya uangalizi wangu. Nilitegemea abishane. Akanishika mkono wangu kwa mikono miwili. Akasema alikuwa na wasiwasi huohuo na aliona haya kuniomba. Akasema kesho atapeleka vyombo vyote kwa Mama Mukwe mapema. Akanishukuru.

Kushukuriwa na mtu unayemdanganya si kuzuri. Nililala mchana baada ya hapo.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku kubwa.

Asubuhi Mama Mukwe, Evodie na Fortunée walishuka bandarini kupokea boti ya Moba. Boti za Moba hazijawahi kufika kwa wakati tangu nizaliwe, kwa hiyo nilijua nina nafasi. Nikaingia sebuleni kwa Mama Mukwe, kwa ruhusa ya kutokuwepo kwake. Dieumerci akapanga mabafle uani, akavuta waya mpaka kwenye mashini, akaenda kushughulika na jenereta nyuma ya nyumba. Ikanguruma. Taa ya chaja ikawaka. Karibu nilie.

Nikaingia Akiba. Bluu safi. Kurudisha kama kiwandani. Onyo lilelile. Halafu swali la mwisho: je, una hakika? Nikasogeza mshale kwenye Ndiyo. Nikanyoosha vidole.

Sauti ya Mama Mukwe kiwanjani. Boti ilikuwa imefika kwa wakati.

Anaingia mlango wa mbele na mimi niko kwenye kiti chake. Sikuwaza mashini, sikuwaza kubonyeza. Adabu ilinishika miguu. Nilipita jikoni, nikaruka sufuria la sombe, mboga ya majani ya muhogo, nikatokea nyuma, nikajibanza ukutani kando ya mbuzi wa Dieumerci. Mbuzi akanitazama bila huruma.

Ukuta ule una dirisha dogo la moshi, linaloonyesha jikoni mpaka sebuleni. Nikasikia viti vinavutwa. Nikasikia Mama Mukwe anauliza mashini ile inauliza nini. Nikasikia Evodie anamsomea mama yake, anageuza Kifaransa kwa Kiswahili neno kwa neno: kila kitu kilichomo kitafutwa, hakitarudi tena, una hakika?

Jenereta niliona inanong’ona.

Fortunée akauliza nani amefanya hivi. Dieumerci, ambaye alikuwa ameingia na mafuta mikononi, akasema labda mashini zinauliza hivyo zenyewe zikipata moto wa jenereta. Alijua si kweli. Alinitetea. Nilimwona kupitia lile dirisha, anajipangusa mikono na suruali yake nzuri, anadanganya kwa ajili yangu.

Evodie akafuta swali, akawasha upya, akaingia kwa Linux. Akasoma majina ya visanduku kwa sauti, kimoja kimoja. Alipofika cha chini kabisa akakisoma mara mbili. Kisha akasema kumbe hiki hapa kina jina la Baba.

Nikapiga kelele kutoka nyuma ya jikoni kwamba hicho hakifunguliwi, ni chumba cha Mukwe. Niliona ni wajibu wangu.

Evodie akajibu kupitia dirisha la moshi, wala hakugeuka kunitafuta. Akasema, “Miye njo mutoto yake. Ile chumba nilizaliwa ndani.” Akabofya, akapekua, akabofya tena.

Kwanza kikohozi. Nakuapia, kikohozi chenyewe, kile cha asubuhi, kizito, cha mtu wa reli aliyevuta vumbi maisha yake yote. Kikatoka kwenye mabafle mawili makubwa kama kabati, kikapita paa, kikavuka barabara. Halafu sauti yake ikauliza kwa utulivu: “Munanisikia?”

Nilijikuta nimechuchumaa. Nimekunja magoti, nimeinamisha kichwa, napiga makofi madogo kama anavyosalimiwa mukwe. Nikajibu ndiyo, Baba, tunakusikia. Upande wa pili wa barabara beseni la mtu lilianguka. Mbuzi naye alikuwa amelala chini, sijui kwa heshima au kwa hofu.

Evodie akaisimamisha palepale. Akasema Baba alisema siku ya kuondoa matanga, si kabla, na siku hiyo ni kesho. Kisha nikamsikia analia na kucheka kwa wakati mmoja, na mama yake vilevile. Nikalia na mimi, peke yangu, mkono juu ya pembe la mbuzi.

Nyumbani Evodie aliniuliza tu, kama ningebonyeza? Nikamwambia sikubonyeza. Akakubali.

Lakini jana nilibonyeza. Nilibonyeza Ndiyo kwa kidole hiki. Ni umeme ambao haukuwepo. Nimekaa na jambo hilo muda mrefu. Namshukuru yeyote aliyekata umeme wa avenyu yetu, Mungu amjalie watoto. Nawashukuru wenye boti. Namshukuru Mama Mukwe kwa kuja. Nashukuru kwa adabu niliyofundishwa, maana bila adabu ningebaki kwenye kiti.

Ukiangalia vizuri, kumbe adabu yangu ndiyo iliyookoa sauti. Kwa hiyo mpango umefanikiwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Matanga yameondolewa.

Uwanja umejaa, Moba, Niemba, na watu wa reli wa zamani wamekaa safu ya mbele na kofia magotini. Mama Mukwe mbele yao. Mimi mbali naye, upande wa migomba, kama inavyopasa. Dieumerci alikuwa na kamera, anapiga filamu kila kitu, ili familia zote zipate kumbukumbu kabla wageni hawajarudi. Evodie akakaa kwenye mashini mwenyewe. Hakuna aliyeniomba nisogee karibu nayo.

Mzee alimsalimu mke wake kwanza, kwa jina la utani ambalo sisi hatulijui, na Mama Mukwe akacheka kama msichana. Akawaita mabinti. Akasema kama ataondoka na mmoja wao hayupo, asijilaumu hata siku moja. Akasema ziwa hili analijua na boti zake anazijua, na mtu aliye njiani kuja kwake yeye anamhesabu amefika. Evodie alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Nilimwona anavuta pumzi ndefu, akaitoa. Hiyo ndiyo pumzi aliyokuwa anaingojea mwaka mzima.

Halafu wakwe. Shingo zote zikageuka.

Akamshukuru Dieumerci kwa mkono wake ulio wazi. Watu wakaitikia. Nilikunywa maji.

Kisha akanitaja mimi. Akasema, “Casimir alikuja kutengeneza radio yangu, hapa karibu na kitanda, juma nzima. Ile radio haikusema tena mupaka leo. Lakini ile juma yote nilikuwa na muntu wa kuongea naye. Nilimuachia radio asiondoke haraka. Aksanti, mwana wangu.” Akakohoa. Akaongeza, “Friji musimupatie.”

Uwanja mzima ulicheka. Hata wa Niemba ambao hawanijui walicheka. Mimi nililia mbele za watu wote, wala sikuona haya. Nilidhani kwa mwaka mzima kwamba nilimharibia Mzee radio yake. Kumbe alikuwa anajua siku ya kwanza tu kwamba imekufa, na alinyamaza ili nirudi kesho yake. Sijawahi kupewa zawadi kama hiyo na mtu yeyote.

Mwisho alisema sisi wakwe wawili tusishindane. Tusaidiane kama watu waliozaliwa tumbo moja. Dieumerci akaja na kamera yake shingoni, akanikumbatia. Ana harufu ya mafuta ya jenereta. Nilimkumbatia kwa nguvu.

Mbuzi alikuwa mtamu. Nilikula kidogo tu, tulikuwa tumezoeana.

Jumapili, 10 Agosti

Misa, kisha kupumzika. Nimemshukuru Mungu mpaka Padri akanitazama.

Evodie ameinakili sauti kwenye flashi. Ameifunga kwenye pindo la kitenge chake, mafundo mawili. Ametuma nyingine kwa telefone Moba, Niemba, na kwa binamu yake Kigoma ng’ambo ya ziwa. Nilimwambia hakuna haja ya haraka yote hiyo, sauti iko salama mikononi mwa fundi. Akakaza fundo.

Mama Mukwe amenitumia ujumbe kupitia kwa Evodie. Anasema ordinateri ibaki kwake, juu ya kabati, na mimi nisijisumbue nayo tena. Ni mwema sana. Ameona nimechoka.

Pia ametuma mtu kuchukua friji.

Alhamisi, 14 Agosti

Mzee alisema tusaidiane. Maneno hayo hayatoki kichwani. Dieumerci alileta mbuzi, mabafle, jenereta, mikebuka. Alinidanganyia kwa Mama Mukwe. Na mimi nimemsaidia nini? Siku nne nimekuwa nikijiuliza. Leo nimepata.

Dieumerci yuko Niemba, amewarudisha wazee, atafika kesho asubuhi. Kesho hiyohiyo watu wa Moba wanapanda boti, na yeye ameahidi kila familia itaondoka na filamu yake ya matanga. Anayo kwenye ordinateri yake, na ordinateri yake, maskini, ni nzito kama tingatinga. Inachukua muda wa kupika bukari, ugali wetu, kabla ya kufunguka. Atanakili filamu zote zile saa ngapi?

Nimekuja kwake na shukrani zangu zote. Fortunée alikuwa anatoka kwenda sokoni. Nikamwambia nina zawadi ya siri kwa mumewe, akafurahi, akaniachia sebule.

Mashini yake haina Linux. F11 imefunguka mara ya kwanza. Hivi ndivyo kazi inavyokuwa rahisi mtu akishapata uzoefu. Chaja nimeichomeka kabla ya kuulizwa, nimejifunza. Na leo umeme upo, tena mkali. Nashukuru.

Kabla ya F11 nilitupa macho ndani, niwe mwangalifu. Kulikuwa na folda moja kubwa katikati ya kioo, imeandikwa jina la shemeji Fortunée. Sikuifungua. Mambo ya mke wa mtu hayafunguliwi.

Nikachagua kurudisha kama kiwandani, ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza Ndiyo.

Sasa inakwenda vizuri, asilimia inapanda. Nimekaa pembeni, mikono magotini, nafikiria uso wa Dieumerci kesho. Nasikia shemeji anarudi kutoka sokoni, anaimba. Nitamwambia aje aone jinsi inavyokuwa safi.